Mguu wa Vioo Saba

Muziki wote uliowahi kusikika Johannesburg ulianzishwa na mwalimu wetu wa kwaya. Sisemi mimi. Alisema mwenyewe, tena mara nyingi, hata ikafika mahali tukaacha kubishana naye, kama vile mtu asivyobishana na bomba linalovuja. Unaweka ndoo chini, unaendelea na kazi.

Kazi yangu mimi ni cherehani. Nimekaa Bertrams miaka yote hii, katika nyumba iliyo karibu na uwanja wa mpira kiasi kwamba goli likifungwa vikombe vinatikisika kabatini, na sijawahi kuingia uwanjani humo. Kombe la Dunia lilipokuja, watu walipanda ndege kutoka pembe zote za dunia kuja mtaani kwangu. Mimi nililisikiliza kupitia dirishani huku napunguza suruali ya mtu. Mke wangu anasema nikifa hakutakuwa na haja ya kunitoa, wataufunga tu mlango na kuandika jina langu juu. Kwa hiyo mtu kama mimi hamjui mwenzake kwa kumfuata alipo. Humngoja aje. Mwalimu alikuja.

Alikuja alasiri, akakaa kwenye kiti kilicho kando ya dirisha, akavua kofia na kuacha miwani nyeusi usoni. Miwani hiyo hakuivua hata kanisani, hata siku ya umeme kukatika. Chai aliipenda iwe na sukari ya kusimamisha kijiko. Ukimuuliza habari za nyumbani kwao Tanga, au wazazi wake, alipunga mkono kama anayefukuza nzi. Maisha yake yalianzia siku alipopanda jukwaani. Yaliyotangulia yalikuwa mazoezi.

Jukwaa hilo lilikuwa la bendi iliyoitwa Vioo Saba. Wanamuziki walikuwa watano. Nilimuuliza vile vioo viwili vya ziada vilikuwa vya nani, akanitazama kwa huruma. "Fundi," akasema, "wewe umefika kidato cha nne na bado unahesabu?"

Vioo Saba, kwa maelezo yake, ilikuwa bendi ya roki. Si roki yoyote, bali ile ya Waingereza wa wakati ule, wanaume waliojipaka rangi machoni, wakavaa nguo za kumeremeta na viatu vya soli nene kama matofali, vile ambavyo sisi tuliviita laizoni. Sasa, roki hiyo ilifikaje Tanga? Ilifika kwa njia ya ganda la sahani ya santuri. Mwalimu mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akifundisha sekondari alirudi kwao, akaacha takataka nyuma, na ndani ya takataka likapatikana ganda. Sahani yenyewe haikuwemo.

"Hamkuwahi kuisikia?" nilimuuliza.

"Tuisikie ya nini? Tulikuwa na picha."

Picha ilimwonyesha mwimbaji wa bendi ile amevaa laizoni, mguu mmoja ameuinua juu, goti limefika karibu na kiuno, bega la kushoto limeshuka kwa uzito wa gitaa. Basi vijana wale watano wakakaa na hilo ganda wiki nzima, wakalisoma kama watu wanaojiandaa kwa mtihani. Walivunja vioo vya poda vya dada zao, wakashona vipande kwenye makoti. Walimpa fundi viatu mbao za sanduku la chai awaongezee soli. Muziki wenyewe ulibaki ule ule wa dansi waliokuwa wakiupiga tangu mwanzo, lakini sasa uliwasha macho.

Na mguu? Kwenye picha mguu uko juu, na picha haisogei. Kwa hiyo wao pia waliuinua, wakausimamisha hapo. Wakangoja. Bega likashuka kwanza, ndipo mguu ukafuata, soli yote ikatua kwa mpigo mmoja, kwa sababu ukianza na kisigino ndani ya laizoni ya mbao unaamkia hospitalini. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mtindo wa Vioo Saba. Kule Uingereza, nina hakika, yule bwana alikuwa tu anashuka ngazi.

Kutoka hapo, alivyosema Mwalimu, dunia ikaiga. Kijana akipita na redio ya kwaito, muziki wa vijana wa hapa, Mwalimu aliinua kidole: "Hiyo ni yetu." Wakongo wa Yeoville wakivaa suti ya waridi na viatu vya mamba kwenda kununua mkate, "Hiyo ni yetu." Bwana harusi wa Kizulu akicheza kwa kurusha mguu juu, "Hiyo tuliwaachia." Wakati wa Kombe la Dunia, vuvuzela zilipovuma kuanzia asubuhi kama nyuki waliokasirishwa, alikaa pale dirishani ameziba masikio kwa vidole viwili, uso umemkunjamana, akapaza sauti kuliko kelele yenyewe: "Noti moja! Ndefu! Haibadiliki! Kinanda chetu kilipoharibika Korogwe tulipiga hivyo hivyo usiku kucha! Hiyo ni yetu!"

"Mbona umeziba masikio, Mwalimu?"

"Wanaiharibu!"

Alikuwa hivyo. Alijipaka wanja mbele ya nusu ya mkoa wa Tanga, lakini msichana wa kwaya akija mazoezini na rangi ya mdomo alimrudisha bombani. Alijigamba kwamba waliwahi kuchelewa onyesho hadi watu wakavunja viti, lakini kwaya ikichelewa kidogo tu alifunga mlango wa kanisa na kuimba peke yake sauti zote nne, moja baada ya nyingine, kuwaonyesha walioko nje kwamba hawahitajiki. Koti lake la vioo alikuwa nalo bado. Alinionyesha mara moja, akiomba nimshonee kipande kilicholegea. Vilibaki vichache, vimefifia kama macho ya samaki wa jana. Nilipomwambia alivae nimwone, alilikunja haraka. "Mvua," akasema. Nje kulikuwa na jua la kukausha mabati.

Siku hiyo ya koti ndiyo siku pekee aliyosema jambo bila kujigamba. Nilimuuliza kwa mzaha zile sahani zao ziko wapi, nami nisikie hiyo roki. Akasema hawakuwahi kurekodi. Kila mara kulikuwa na mwaka ujao. Na wale wenzake wanne?

"Wametangulia wote," akasema, akageuza kikombe kwenye kisahani. "Nikiondoka mimi, Fundi, Vioo Saba itakuwa haikuwahi kuwepo."

Nilishona kile kioo. Nikakishona mara mbili.

Ndiyo maana, tamasha la kwaya za Kiswahili lilipotangazwa mwaka 2008, Mwalimu alitoka kitini na kuingia vitani. Kwaya yetu ilikuwa ya watu wa kila upande, Warundi, Wakongo, Watanzania, na dada mmoja Mkenya wa benki aliyekuja na gari na kuondoka nalo. Mke wangu aliimba sauti ya pili. Mwalimu akatangaza kwamba tamasha lile kwaya itapanda jukwaani na mguu wa Vioo Saba, na kwamba mguu haupatikani bila laizoni. Akaniletea kazi. Nikate soli za sponji ngumu na za ndala kuukuu, nizigundishe moja juu ya nyingine, nizishonee kamba. Nilimwambia mimi ni fundi nguo. Akasema kiatu ni nguo ya mguu. Nikakata.

Walianza mazoezi kanisani, wakaanguka. Besi walianguka kwanza, kwa sababu ndio wazito. Mama Shemasi, mama wa Kikongo kutoka Bukavu aliyeshika funguo za kanisa na, kwa kiasi kikubwa, mbingu, alisimama mlangoni amekunja mikono.

"Papa Mwalimu, hii ni kwaya ao ni sarakasi?"

"Mama, ngoja uone mwisho wake."

"Mwisho wake naona. Mwisho wake ni hospitali."

Halafu yakaja yale majuma ambayo wageni kutoka nchi nyingine za Afrika walikuwa wakisakwa mitaani na kupigwa, na hakuna aliyetaka kusikika akiomba maji kwa Kiswahili, sembuse kuimba. Kanisa likafungwa. Maduka ya Wasomali yalikuwa majivu. Watu walikaa ndani, na kwa mara ya kwanza mji mzima uliishi kama mimi. Nilitamani kuwaambia kwamba kuna mbinu zake, lakini haukuwa wakati wa mzaha.

Walioishi karibu wakaanza kuja kwangu mchana, mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma, kwa sababu walijua nipo. Nani mwingine angekuwepo? Hawakuja kuimba. Walikuja kukaa mahali penye watu. Mwalimu naye akaja, amebeba gunia la laizoni begani. Akatazama nyuso zile. Mke wangu alikuwa hajala tangu jana yake.

"Vaeni," akasema.

"Mwalimu, watatusikia!" mke wangu akamnong'oneza.

"Nani amesema mtaimba? Sisi pia tulianza na picha. Picha haina sauti."

Basi wakafanya mazoezi bila sauti. Nilisogeza cherehani ukutani. Watu wale walisimama katika chumba changu, kati ya sare za shule na magauni ya watu, wakainua goti, wakangoja, wakashusha bega la kushoto, wakatua. Sponji haina kelele. Mwalimu alihesabu kwa vidole hewani. Nje mtu alipita akipiga mluzi, miguu yote ikabaki juu, na hakuna aliyeyumba. Mtu yule alipokwisha pita, Mwalimu akashusha kidole na chumba kizima kikatua pamoja kama mtu mmoja. Mke wangu alicheka, ameziba mdomo kwa kanga. Siku hiyo alikula.

Walifanya hivyo mpaka mji ukatulia. Mguu ukawaingia kwenye nyonga. Mke wangu aliutumia hata kupanda kitandani.

Tamasha likapangiwa siku mpya, katika ukumbi wa shule kule Observatory. Na siku chache kabla, baraza la wazee wa kanisa likakaa kujadili viatu. Lilikaa muda mrefu, likafungua maandiko mengi. Uamuzi uliosomwa ulihusu unyenyekevu. Lakini sababu yenyewe kila mtu aliijua. Mchungaji wetu, Mrundi mwema sana, alikuwa mfupi. Kwaya ikipanda laizoni, yeye akisimama katikati yao kuomba, picha zingeonyesha waimbaji tu na sauti inayotoka mahali fulani.

Mama Shemasi ndiye aliyetumwa kuleta habari. Alizileta kwangu, kwa kuwa Mwalimu alikuwa dirishani.

"Papa Mwalimu, wazee banasema ile biatu haiwezi kupanda kwa jukwaa."

"Kwa nini, Mama?"

"Unyenyekevu."

"Sentimita," akasema Mwalimu.

Mama Shemasi akatazama dari. Uso wake ulikuwa na kazi ngumu ya kutocheka. "Papa, mimi niko naleta tu barua. Sikuiandika."

Mwalimu akasema kama laizoni haziendi, yeye pia haendi. Na hakwenda. Siku ya tamasha tulikaa wawili hapa, mimi kwa tabia na yeye kwa hasira, gunia la viatu likiwa katikati yetu kama mgonjwa. Alikunywa chai bila sukari, nikajua mambo ni mazito.

Mke wangu alirudi jioni, jasho linamtoka, furaha imempanda kichwani. Wamekwenda na viatu vyao vya kawaida, bapa kabisa. Lakini mguu haukuwa na habari na maazimio ya wazee. Noti ya kwanza ilipopigwa, goti lilipanda lenyewe, likangoja, likatua. Ukumbi ukasimama. Kwaya nyingine ziliwafuata hadi nje kwenye gari. Huo mguu mmeutoa wapi?

"Tukawaambia ni wa Mwalimu wetu!"

Nilimgeukia. Mtu aliyedai kwaito, mtu aliyedai suti za Wakongo na ngoma za Wazulu, sasa ameletewa mezani kitu chake halisi, kingali cha moto. Nilingoja lile neno lake.

"Bila laizoni?" akasema.

"Bila, Mwalimu, lakini..."

"Basi hao walikuwa watu wanaotembea tu."

Akachukua kofia, akaacha gunia. Kwaya hakuirudia. Wazee wakamwita mara moja, wakamwombea, wakampa nafasi yake kijana mwenye kinanda kinachojipigia ngoma chenyewe. Mwalimu akapata kazi ya kulinda geti la maghorofa kule kule Observatory, na siku za mapumziko aliendelea kuja kwangu kunywa chai. Lile gunia lipo mpaka leo. Pea moja nimeiweka chini ya mguu wa cherehani unaoyumba. Nyingine naikalia.

Kwa miaka iliyofuata mke wangu aliniletea habari za mguu kama watu wanavyoleta habari za ndugu aliyepotea. Umeonekana kwa Warundi. Wakongo wameuongezea mwendo. Mazishini umechezwa polepole, na jeneza likiwa mabegani ukaonekana kama uliundwa kwa kazi hiyo. Kila mara nilimpasha Mwalimu, na kila mara aliuliza kama chai bado ipo kwenye birika, kisha akaanza kunieleza jinsi kengele za geti lake zilivyoiga besi ya Vioo Saba. Nikaacha kumwambia.

Mara ya mwisho nilipokaa naye muda mrefu ilikuwa mwaka 2014, kwenye harusi huko Midrand. Najua, unauliza mimi nilifikaje Midrand. Yule dada Mkenya wa benki ndiye aliyekuwa akiolewa, nami nilishona magauni ya wasimamizi, na mke wangu akasema zipu ikigoma mbele ya watu wale wa maofisini, hatauficha uso wake, atauficha wangu. Tukampitia Mwalimu. Alikuwa amevaa koti refu la mvua, kama kawaida yake ya kuishuku mbingu. Njiani niliona amezeeka kwa namna ambayo geti huzeesha mtu. Kila robot, yaani taa za barabarani, ikituzuia alilala, ikituruhusu akaamka.

Ukumbi ulikuwa wa vioo na nyasi zilizonyolewa. Tuliwekwa meza ya nyuma, jirani na watu wa mapambo. Kuku alikuja, Mwalimu akamla kwa makini. Ndipo wakatangaza kwamba wasimamizi wanaingia.

Waliingia wasichana wadogo mbele, watoto waliozaliwa hapa, wanaoelewa Kiswahili cha mama zao na kukijibu kwa Kiingereza. Hakuna kati yao aliyewahi kutia mguu Bertrams. Muziki wenyewe ulikuwa wa kompyuta. Nao, ndani ya magauni niliyoyashona kwa mkono wangu, wakainua goti. Wakangoja. Wakatua.

Nilisahau zipu zote. Nilimtazama Mwalimu. Uma ulikuwa hewani, umebeba kipande cha paja, hausogei. Hakusema hiyo ni yetu.

Baadaye, watu walipokuwa wakicheza ovyo, msichana mmoja wa kama miaka minane alipita mezani kwetu akiendelea na mguu wake, peke yake. Mwalimu akamwita kwa kidole.

"Mjukuu, nani amewafundisha huo?"

Mtoto alimwelewa, akajibu kwa Kiingereza chake cha Joburg kwamba hakuna aliyewafundisha. Kila mtu anaujua. Ni wa kwao. Halafu, kwa kuwa yule mzee alikuwa bado anamkodolea macho, akamwonea huruma. "Mkhulu," akasema, kwani hapa babu ndivyo anavyoitwa, "simama nikuonyeshe."

Nilidhani atakataa. Akaweka uma. Akafungua vifungo vya lile koti la mvua, na chini yake, jamani, alikuwa amevaa vile vioo. Vichache, vimefifia, lakini taa za ukumbi zilivipata na kurusha vidoa juu ya kitambaa cha meza. Akashika ukingo wa meza, akasimama. Mtoto akainua goti, naye akainua la kwake, la mzee, nusu ya njia.

"Juu zaidi, Mkhulu. Halafu ngoja. Usiwe na haraka."

Akangoja. Nilinyanyuka nikanyoosha mikono nyuma yake, nikiwa tayari kumdaka. Bega lake la kushoto likashuka. Mguu ukafuata, soli yote kwa mpigo mmoja, wala hakikusikika kisigino.

"Sharp," mtoto akasema, ameridhika, akamwinulia dole gumba, akaenda zake.

Tulikuwa tumekwisha ingia barabara kuu, mke wangu usukani, mimi nikiwa natamani kitanda changu, nilipomsikia nyuma yangu. Nilidhani amelala.

"Bega wamelisahau," akasema.

Robot ikawa nyekundu. Tukasimama.

"Lakini mguu upo, Fundi. Mguu upo."